Bariadi: kichwa kilichogongwa na Panadol mbili

Wiki hii nataka tuongee habari za vichwa. Si vichwa vya habari, ambavyo ndivyo vinavyonilipia kodi ya nyumba, bali hivi tulivyobeba mabegani. Najua wengine mtasema mwandishi wa habari ameanza lini kujifanya daktari. Mimi si daktari na sijawahi kuota kuwa daktari, hesabu za kidato cha nne zilinitosha. Lakini kuna jambo limenikaa rohoni muda mrefu na leo nimeamua kulitua hapa.

Nina binamu yangu, naomba nisimtaje jina, alikuwa dereva wa bodaboda huko kwetu Simiyu. Siku moja ya mnada, jua linazama, alikuwa anarudi na abiria mmoja na gunia la mahindi. Mbuzi akakatiza barabara. Abiria aliangukia kwenye majani akachubuka magoti. Binamu yangu akapiga kichwa chini. Walioshuhudia wanasema alizimia kidogo, kama dakika moja hivi, kisha akaamka, akajipangusa vumbi, akauliza simu yake iko wapi na nani atamlipa lile gunia. Watu wakacheka. Wakampeleka zahanati, akashonwa jeraha juu ya sikio, akapewa Panadol na kuambiwa akapumzike. Usiku alilalamika kichwa kinauma, akatapika mara mbili, mama yake akamwambia alale. Akalala. Asubuhi hakuamka.

Msiba wa namna hiyo huko kwetu hauishi kaburini. Mtu aliyekuwa anacheka saa moja jioni anakufaje kabla jogoo hajawika? Lazima kuna mkono wa mtu. Maneno yakaanza, majina yakaanza kutajwa kwa sauti ya chini, na kama kawaida yalikuwa majina ya wanawake wazee. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunajua maneno kama hayo huishia wapi. Vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya vifo ambavyo hakuna aliyewahi kuvipa jina la kitabibu. Namshukuru Mungu kwetu hayakufika huko, lakini yupo bibi mmoja ambaye mpaka leo watoto wanakatazwa kula kwake.

Uchunguzi wa maiti haukufanyika, kwa hiyo siwezi kuapa mahakamani kwamba najua kilichomuua. Lakini tangu siku hiyo nimesoma na kuwauliza wanaojua, na hadithi yenyewe inafahamika sana katika vitabu vya udaktari. Ukipigwa upande wa kichwa, mfupa unaweza kupasuka na kukata mshipa wa damu unaopita chini yake. Damu inaanza kuvuja kati ya fuvu na utando unaofunika ubongo. Mwanzoni nafasi ipo, mtu anaongea, anatania, anadai hela yake. Fuvu halitanuki kama puto, kwa hiyo damu ikiendelea kujaa inaukandamiza ubongo, na mtu anaanza kusinzia, kutapika, kisha anazima. Mnamkumbuka Natasha Richardson, yule mwigizaji wa Uingereza? Machi 2009 alianguka akijifunza kuteleza kwenye theluji huko Kanada, akasema yuko salama na kukataa huduma. Siku mbili baadaye akafariki. Yule alikuwa mtu mashuhuri katika nchi tajiri. Ikiwa kwake ilitokea hivyo, ya bodaboda wa Simiyu isitushangaze.

Naomba nisieleweke vibaya. Sikuja hapa kumsulubisha tabibu wa zahanati. Jiweke kwenye viatu vyake. Ni jioni, uko peke yako na muuguzi mmoja, umeletewa kijana anayetembea na kuongea vizuri. Una tochi, una kipimo cha presha, una uzi wa kushonea. Ukisema kila aliyegonga kichwa apelekwe hospitali ya mkoa, ndugu watauliza gari liko wapi, mafuta analipa nani, na kama hakuna kitu kitakachoonekana huko utarudishiwa lawama. Ukimwambia akalale, mara nyingi sana utakuwa sahihi, kwa sababu wengi wanaogonga kichwa hawana damu inayovuja ndani. Shida ni yule mmoja. Huna namna ya kumjua kwa macho, na ukimkosa hutapewa nafasi ya pili.

Na hawa wenye vichwa vilivyogongwa wameongezeka, hilo halihitaji profesa. Bodaboda ilipotambuliwa rasmi kuwa biashara ya kubeba abiria, kwa kanuni za mwaka 2010, vijana wengi waliomaliza shule wakapata kazi, na vijiji ambavyo havijawahi kuona basi vikapata usafiri. Mimi mwenyewe nisingefika sehemu nyingi ninazoandika habari zake bila bodaboda. Lakini kule Moshi, hospitali ya KCMC imekuwa ikitunza kumbukumbu za wagonjwa walioumia kichwa kwa kushirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, na picha inayotoka humo ni ileile: wengi ni vijana wa kiume na chanzo kikubwa ni ajali za barabarani. Ndiyo nguvu kazi tunayoimba kila Mei Mosi.

Sasa tuje Simiyu yenyewe. Mkoa huu ulizaliwa 2012, ukamegwa kutoka Shinyanga, makao makuu Bariadi, wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sensa ya 2022 ilikuta watu zaidi ya milioni 2. Kwa miaka mingi mtu wa Bariadi akiambiwa apigwe picha ya ubongo alijua maana yake ni Bugando, Mwanza. Unatoka Bariadi mpaka Lamadi, unashika barabara kuu, unapita Magu, unaingia jijini, safari ya zaidi ya kilomita 150 huku ubongo unaendelea kukandamizwa. Ulipokuja ule mkopo wa UVIKO-19 wa mwaka 2021, zile trilioni 1.3, serikali ilitumia sehemu yake kununua mashine za CT-Scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Hapo nampa Kaisari yaliyo yake, ni hatua kubwa. Lakini CT-Scan haipandi bodaboda ikamfuata mgonjwa. Mashine ikikaa makao makuu ya mkoa, mtu wa Mwanhuzi au wa vijiji vya Itilima bado anatakiwa aifuate, na kabla hajaifuata lazima mtu mmoja, yule tabibu mwenye tochi, aamue kwamba huyu anastahili safari. Uamuzi huo ndio ninaoutaka tuuzungumze.

Huko duniani kuna watu wamekuwa wakihangaika na swali hilohilo: je, tone la damu linaweza kutuambia kama ubongo umeumia? Jibu limeanza kupatikana. Seli za ubongo zina protini ambazo kwa kawaida hazizagai kwenye damu kwa wingi. Ubongo ukiumia, seli zikipasuka, protini hizo zinavuja na kuingia kwenye damu. Wataalamu wanaziita bayomaka, yaani alama za kibayolojia. Mbili ndizo zimepata umaarufu. Ya kwanza inaitwa GFAP, inatoka kwenye seli zinazoshikilia na kulisha mishipa ya fahamu ndani ya ubongo. Ya pili ni UCH-L1, inatoka kwenye seli za fahamu zenyewe. UCH-L1 inapanda haraka na kushuka haraka, GFAP inapanda taratibu na kukaa muda mrefu zaidi, ndiyo maana zinapimwa kwa pamoja. Nchi za Skandinavia zilishaanza mapema na protini nyingine iitwayo S100B, wakaiweka kwenye mwongozo wao wa matibabu mwaka 2013.

Marekani, mamlaka yao ya chakula na dawa iliruhusu kipimo cha kwanza cha GFAP na UCH-L1 mwezi Februari 2018. Kile kilikuwa cha maabara kubwa na majibu yalichukua saa kadhaa. Januari 2021 kampuni ya Abbott ikaruhusiwa kutumia kifaa chake cha i-STAT, kinachoshikika mkononi, lakini damu ilitakiwa kwanza izungushwe kwenye mashine ili kutenganisha majimaji yake. Aprili 2024 wakaruhusiwa kutumia damu nzima kama ilivyotoka kwenye mshipa, kando ya kitanda cha mgonjwa, majibu kwa dakika 15. Ndani ya miaka sita tumetoka maabara kubwa mpaka kiganja cha mkono.

Kinafanyaje kazi? Hapa ndipo nilipofurahi, kwa sababu mdogo wake wengi wetu tunaye nyumbani. Bibi yako mwenye kisukari anajichoma kidole, anaweka tone la damu kwenye kijikaratasi, anasoma namba. Kile ni bayosensa ya umeme na kemia. Kwenye kijikaratasi kuna kimeng'enya kinachoikamata sukari na kuichakata, na katika kuichakata zinatoka elektroni. Elektroni zikipita kwenye elektrodi ni umeme, mdogo sana lakini unapimika. Sukari nyingi, umeme mwingi. Wazo hili lilianzishwa na Wamarekani wawili, Leland Clark na Champ Lyons, mwaka 1962, na leo ni kitu unachokinunua duka la dawa Kariakoo.

Kipimo cha ubongo kinafuata njia hiyohiyo kwa hatua moja zaidi. Juu ya elektrodi wameweka kingamwili zilizotengenezwa ili zishike GFAP tu na kuacha mengine yapite. Damu ikipita, protini inanaswa. Kisha inakuja kingamwili ya pili iliyobeba kimeng'enya, nayo inaishika protini ileile kwa upande mwingine, kama mkate na samli na mkate. Kimeng'enya kinachakata kemikali iliyowekwa humo, elektroni zinatoka, umeme unasomwa. Ugumu uko kwenye kiasi. Mtu mwenye afya ana sukari ya kama miligramu 0.9 katika mililita moja ya damu. GFAP inayotafutwa ni pikogramu chache tu, makumi kadhaa, katika mililita hiyohiyo. Nimekaa na kikokotoo: ukichukua pikogramu 30, hiyo ni ndogo kuliko sukari kwa mara milioni 30. Ndiyo maana kipimo cha sukari tulikipata zamani na hiki kimetuchukua nusu karne nyingine.

Sasa msikilize vizuri hapa, maana ndipo hoja yangu ilipo. Kipimo hiki hakisemi "huyu anavuja damu kichwani". Kinachosema kwa uhakika ni kinyume chake. Utafiti mkubwa uliofungua njia ulichukua watu zaidi ya 1,900 katika vituo 22 vya Marekani na Ulaya. Kipimo kiliwatambua asilimia 97.6 ya wale ambao CT-Scan ilionyesha wameumia, na wale ambao damu yao ilisema "hamna", ilikuwa kweli hamna kwa asilimia 99.6. Lakini kati ya watu wasio na jeraha lolote kwenye picha, zaidi ya nusu waliambiwa "nenda kapigwe picha". Ni mlinzi wa getini anayewashuku wengi ili asimkose mwizi mmoja.

Wamarekani wanakitaka kwa sababu wao wengi wanaofika hospitali wakiwa wamegonga kichwa wanapigwa CT-Scan, nyingi hazionyeshi kitu, pesa na mionzi vinapotea. Kwao kazi ya kipimo ni kusema "huyu asipigwe". Mamlaka yao ilipokiruhusu ilisema kitapunguza picha zisizo za lazima. Ndivyo kinavyotangazwa, na ndivyo siku moja kitakavyokuja kutangazwa kwetu, kwenye semina ya hotelini yenye chai na sambusa: kipimo kinachookoa gharama.

Kwetu hakitaokoa gharama. Tusidanganyane. Chukua mfano wa hesabu tu, nimeutunga mimi. Watu 100 wamegonga kichwa, wanaongea vizuri, 10 kati yao wana jeraha ndani. Tuseme Marekani wote 100 wangepigwa picha. Kipimo kikija, kati ya wale 90 wazima, kama 36 wataambiwa warudi nyumbani, na 64 wataenda kwenye mashine. Picha zimepungua kutoka 100 hadi 64, mhasibu anapiga makofi. Sasa hamishia hesabu hiyo kijijini Itilima. Leo kati ya wale 100 wanaokwenda kupigwa picha ni wangapi? Tuseme watano, wale ambao ndugu zao wana uwezo au wameshazimia kabisa. Kipimo kikija wataambiwa waende 64. Picha zimepanda kutoka 5 hadi 64. Kifaa ni kilekile, damu ni ileile, lakini huko kinasema "baki" na kwetu kitasema "nenda".

Na hicho ndicho kitu kizuri! Ndani ya wale 59 walioongezeka ndimo alimo binamu yangu. Lakini ukimwambia mtu "nenda" lazima uwe umemwandalia pa kwenda na cha kumpeleka. La sivyo unampa mama habari kwamba mtoto wake huenda anavuja damu kichwani, kisha unamwacha na habari hiyo mkononi akatafute ng'ombe wa kuuza usiku. Hicho si kipimo, ni kupiga ramli kwa betri.

Tumewahi kupita njia hii na kipimo cha malaria. Wengi wenu mnakumbuka enzi ambazo kila homa ilikuwa malaria, unamwambia daktari mwili unachemka anakuandikia dawa kabla hujamaliza sentensi. Kikaja kipimo cha haraka, mRDT, kikashuka mpaka zahanati. Leo tunakiona cha kawaida. Lakini mwanzoni, utafiti uliofanywa kaskazini mashariki mwa nchi yetu na kuchapishwa 2007 ulikuta zaidi ya nusu ya wagonjwa waliopimwa na kukutwa hawana malaria waliandikiwa dawa za malaria vilevile. Tabibu alikuwa na jibu mkononi lakini hakuliamini, au hakujua afanye nini na mgonjwa mwenye homa isiyo malaria. Kipimo kilianza kufanya kazi pale mafunzo, dawa na miongozo vilipokifuata. Mashine peke yake haijawahi kubadili zahanati.

Kuna mengine ya kuuliza kabla hatujapigwa picha tukikipokea. Kile cha Abbott kimeruhusiwa kwa watu wa miaka 18 na kuendelea, ndani ya saa 24 baada ya kuumia. Watoto wetu wanaodondoka kwenye miembe na wale wanaogongwa wakivuka barabara kwenda shule hawamo. Kinataka damu ya mshipa, si ya kidole. Vijisanduku vyake vinatakiwa kukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na mashine yenyewe imetengenezwa kufanya kazi chumba kisichozidi nyuzi 30. Aliyewahi kushinda Meatu mwezi wa kumi saa nane mchana anajua nyuzi 30 ni kitu gani. Halafu kuna malaria. Watafiti Uganda wamewahi kukuta protini nyingine ya ubongo, inaitwa tau, ikiwa juu kwenye maji ya uti wa mgongo wa watoto wenye malaria ya ubongo. Je, dereva wa bodaboda aliyeanguka huku ana malaria, namba zake zitasomekaje? Utafiti wa Ulaya na Marekani hauwezi kutujibia hilo, kwa sababu wao hawana malaria. Lazima tujipime wenyewe.

Na kujipima tunaweza. Zamani kizuizi kilikuwa picha: huwezi kujaribu kipimo cha damu kama huna CT-Scan ya kukilinganisha nacho. CT-Scan zikishuka mikoani, kizuizi hicho kinaondoka. Mwanza kuna chuo kikuu cha afya palepale Bugando. Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela ya sayansi na teknolojia. Sioni kwa nini kijana wa uzamili asipewe kazi ya kufuatilia majeruhi wa bodaboda wa Simiyu kwa mwaka mzima, damu upande mmoja na picha upande mwingine. Na sioni kwa nini bayosensa za bei nafuu zinazovumilia joto letu zisiwe swali la mtihani kwa wahandisi wetu badala ya kusubiri msaada.

Usafiri nao si ndoto. Tuna m-mama. Mjamzito akipata dharura, inapigwa simu 115 bure, na kama gari la wagonjwa halipo, dereva wa kawaida wa kijijini aliyesajiliwa anamchukua na kulipwa na mfumo. Mpango ule ulianza kwa majaribio Sengerema na Shinyanga, majirani zetu kabisa, na mwaka 2022 ukazinduliwa kwa nchi nzima. Kama dereva yuleyule anaweza kumbeba mama mwenye uchungu, kwa nini asimbebe kijana aliyegonga kichwa? Ni namba ileile, gari lilelile, kinachokosekana ni sahihi ya mtu mmoja ofisini.

Mtaniuliza, akifika nani atamfungua fuvu? Swali zuri. Madaktari bingwa wa upasuaji wa ubongo nchini ni wachache na wako miji mikubwa. Lakini kutoboa fuvu na kuitoa damu iliyoganda si lazima kusubiri bingwa kutoka Dar. Haydom, kule Mbulu, ng'ambo ya Ziwa Eyasi ukitokea Meatu, mwaka 2006 alifika daktari Mmarekani anayeitwa Dilan Ellegala. Badala ya kufanya operesheni na kuondoka kama wageni wengi, alimfundisha Emmanuel Mayegga, ambaye hata hakuwa na shahada ya udaktari wakati huo, alikuwa daktari msaidizi. Mayegga akajua, akafanya, akafundisha na wengine. Kimewezekana porini Haydom karibu miaka 20 iliyopita, tusiambiwe hakiwezekani hospitali ya mkoa.

Wakati tunasubiri hayo yote, kuna vya bure. Kuna kipimo kinaitwa cha Glasgow, cha tangu 1974, hakina betri wala friji. Unaangalia macho, maneno na viungo, unatoa alama, juu kabisa ni 15. Kitu cha maana ni kuandika alama hizo na kurudia kila baada ya muda, maana alama inayoshuka inapiga kelele kuliko alama ndogo. Hata kipimo cha damu chenyewe kimeruhusiwa kwa wale wenye alama 13 hadi 15, kwa hiyo usipojua Glasgow hata mashine huijui. Na kila anayeruhusiwa kwenda nyumbani apewe karatasi moja, kwa Kiswahili na Kisukuma, anasomewa na ndugu yake: akitapika tena, akisinzia kupita kawaida, akichanganyikiwa, kichwa kikizidi kuuma, akipata degedege, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyenzake, usingoje asubuhi. Shangazi yangu hajui GFAP ni nini. Lakini kama mtu angemwambia kutapika mara mbili ni hatari, asingemwambia mwanawe alale. Angelipiga kelele kijiji kizima kikaamka, namjua.

Na helmeti, jamani. Sitahubiri, mnajua.

Namalizia kwa kujisema mwenyewe, kwa sababu ni rahisi kuinyooshea kidole serikali ukiwa nyuma ya kompyuta. Sisi waandishi tuna sentensi yetu ya ajali, tunaijua kwa moyo. Watu wawili wamefariki dunia papo hapo, majeruhi watatu wamepatiwa matibabu na kuruhusiwa. Nimeiandika mara nyingi siwezi kuhesabu. Nikishaandika "wameruhusiwa" nafunga daftari, kwangu hao ni wazima na habari imekwisha. Sijawahi hata siku moja kupiga simu kesho yake kuuliza wameamkaje.

Binamu yangu naye aliruhusiwa. Ajali yake ilikuwa ndogo, hakuna gazeti lililoiandika, lakini kama ingeandikwa angehesabiwa miongoni mwa waliopona. Trafiki wangemhesabu hivyo, zahanati hivyo, na mimi hivyo. Mpaka hapo tutakapoanza kuwahesabu wanaofia vitandani usiku wa pili, hakuna waziri atakayeona sababu ya kununua kipimo, wala gari, wala kumfundisha mtu kutoboa fuvu, kwa sababu kwenye vitabu vyetu watu hao hawajafa.

Kuanzia sasa nitapiga simu kesho yake. Ni kitu kidogo, lakini ndicho kilicho ndani ya uwezo wangu. Kila mmoja na aangalie cha kwake.